Wafuasi elfu 84, lakini tangu lini?

Mara mingi watu wanafika hapa ku bilo ya gazeti na telefone mu mukono, na swali lao ni moja tu: "Paje hii iko na watu elfu 84, sasa munawezaka kusema namna gani kama ni ya uongo?" Paje yenyewe inatangaza kazi. Inasema kampuni fulani ya shaba inatafuta mashofere wa malori makubwa, mafundi wa kuunganisha vyuma, walinzi, hata watu wa kufagia. Iko na picha ya kofia ya kazi, iko na alama ya kampuni, na chini iko nimero ya kutumia feza ya dosie. Juu kabisa ya ukurasa kuko hesabu ile ya elfu 84. Ndiyo inamalizaka mashaka ya baba, kiisha mama anatoa feza yenye alikuwa ameweka kwa ajili ya masomo ya watoto.

Ndugu wasomaji, sisi tunasema wazi: hesabu moja, hata ikuwe kubwa namna gani, haionyeshe kitu kama haina tarehe, na kama haina ndugu zake za jana, za juma lililopita na za mwaka uliopita. Tena tunasema kama miji yetu ya migodi, kuanzia Kolwezi mupaka Kipushi, inahitaji kitabu chenye kinaandika hesabu hizo siku kwa siku. Kitabu cha kweli, ndani ya ordinatere, ile wenye kusoma enformatike wanaita baze ya data. Haiko kazi ya Wazungu wa mbali. Iko kazi ya vijana wetu, na tutaeleza namna inapaswa kufanywa, sababu tumeona wengine wanaianza vibaya.

Muchimbaji hawezi kushangaa na maneno haya. Yeye ndiye anajua kuliko sisi kama hesabu moja inaweza kukuuza. Unafika ku dipo na mifuko yako, munuunuzi anaelekeza mashini ya Metorex, mashini inatoa asilimia yake, na ile asilimia ndiyo inakuwa mushahara wako. Ulichunguza wapi? Ulilinganisha na nini? Kama ungekuwa na kaye yenye inaonyesha asilimia ya shimo lako kwa miezi sita, ungeweza kusema: "Baba, shimo hii haijashuka chini ya hapa hata siku moja, tupime tena." Bila kaye unabeba tu kile wanakupa. Na bei vile vile. Mu mwezi wa tatu wa mwaka 2018, tone moja ya kobalti ilifika karibu dola 95.000 ku soko ya London. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa imeshuka chini ya dola 30.000. Mutu mwenye alijua bei ya siku moja tu, hakujua kitu. Mwenye alikuwa anaandika kila juma, yeye aliona mulima na aliona bonde.

Wafuasi wa Facebook, wa TikTok ao wa YouTube, ni vile vile. Na tena wao wanauzwaka.

Tusidanganyane, biashara ya kuuza wafuasi iko ya zamani. Mu mwezi wa kwanza wa mwaka 2018, gazeti New York Times la Marekani lilitoa uchunguzi juu ya kampuni moja yenye kuitwa Devumi. Ilikuwa na akaunti za uongo kama milioni 3,5, na ilikuwa inaziuza akaunti zile zile mara nyingi nyingi, kwa jumla zaidi ya wafuasi milioni 200. Wanunuzi walikuwa watu wa michezo, wa sinema, wa siasa. Mitandao yenyewe inajua. Mu mwezi wa kumi na mbili wa 2014, Instagram ilifagia akaunti za uongo, na ukurasa wa Instagram yenyewe ukapoteza wafuasi karibu milioni 19. Mu mwezi wa saba wa 2018, Twitter nayo ikafagia, na ukurasa wake yenyewe ukapoteza zaidi ya milioni 7. Kama wenye nyumba walikuwa na takataka nyingi hivyo mu chumba chao, paje ya kazi ya bure ya Kolwezi iko na ngapi?

Lakini kuko ujanja mwengine, na kwa maoni yetu huu ndio unaumiza zaidi familia za hapa. Mutu anafungua ukurasa wa vichekesho, ao wa mupira, ao wa nyimbo za kanisa. Watu wanaufuata kwa roho safi. Unafika elfu makumi. Kiisha mwenyewe anauuza, ao yeye mwenyewe anabadilisha jina lake, na kesho yake unaitwa "Kazi ku migodi". Wafuasi wanabaki. Hapa hakuna akaunti hata moja ya uongo: watu wote ni watu wa kweli, walikuja tu kucheka. Na wewe unaona elfu 84, unawaza kama watu elfu 84 walijaribu kazi hizo na wakafurahi.

Sasa tuingie mu kitabu chenyewe.

Kijana wa kwanza mwenye utamupa kazi hii atatengeneza tabulo moja: jina la ukurasa, kiisha pembeni yake hesabu ya wafuasi. Kesho anarudia, anafuta ya jana, anaandika ya leo. Vile hapana! Ni sawa na pwentere wa kazi mwenye anaandika na kalamu ya kufutika na kila asubui anafuta siku ya jana: mwisho wa mwezi utalipwa siku moja. Kijana wa pili, mwenye akili kidogo, ataongeza safu moja kila siku: safu ya Siku ya Kwanza, safu ya Siku ya Pili. Kiisha mwaka mumoja tabulo iko na safu 365, haifunguke tena vizuri, na ukitaka kujua ukurasa gani ulipanda zaidi mu mwezi wa tano, utatoka jasho.

Namna ya kweli ni kutenganisha vitu vyenye havibadilike na vitu vyenye vinabadilika. Tabulo moja inaandika kurasa: kila ukurasa mara moja tu, na nimero yake. Si jina, ni nimero. Facebook inapatiaka kila ukurasa nimero ya ndani, na nimero hiyo inabaki hata jina libadilike mara kumi. Ile ndiyo kamba ya kukamata. Majina yanaenda mu tabulo yao ya pembeni: jina gani, tangu tarehe gani, mupaka tarehe gani. Vijana wengi wanaona tabulo hii ya majina kama kupoteza wakati. Sisi tunaona ndiyo roho ya kitabu chote. Siku mama atauliza juu ya paje ya kazi, kitabu kitamujibu: ukurasa huu mupaka mwezi uliopita ulikuwa unaitwa jina la timu ya mupira. Hapo hahitaji hesabu ingine.

Tabulo ya tatu ndiyo ya vipimo. Kila mustari ni kipimo kimoja: nimero ya ukurasa, siku na saa, hesabu yenye ilionekana, na nani aliisoma na namna gani. Basi. Mustari ukiisha kuandikwa, haufutwe. Kama musomaji alikosea, anaongeza mustari mupya na neno la kueleza, wa zamani unabaki pale, kila mutu auone. Tena ordinatere inapaswa kukataa yenyewe kama mutu anataka kuingiza kipimo cha ukurasa mumoja kwa saa moja mara mbili, sababu watu wanachoka, na mutu mwenye kuchoka anaandika mara mbili.

Saa nayo iko na shida yake, na hapa Congo shida hiyo ni kubwa kuliko kwa wengine. Lubumbashi ikiwa saa sita ya muchana, Kinshasa iko saa tano. Ukiwa na musomaji mumoja hapa na mwengine kule, na kila mutu anaandika saa ya ku mukono wake, kitabu kitaonyesha ukurasa unapanda na kushuka wakati haukufanya kitu. Mutachagua saa moja kwa wote, ile ya dunia nzima, na ordinatere itageuza yenyewe kwa kumuonyesha musomaji.

Kuko tena jambo la nafasi tupu. Siku yenye hatukupima, tuandike nini? Wengine wanaandika sifuri. Wengine wanarudilia hesabu ya jana. Vyote viwili ni uongo. Sifuri maana yake ni kama watu wote walikimbia. Hesabu ya jana maana yake ni kama tulipima na hakuna kitu kilibadilika. Kama hatukupima, hakuna mustari wa kipimo, lakini mu tabulo ya matukio tunaandika sababu. Tunakumbuka wote tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili 2018, kiisha uchaguzi: enternete ilikatwa inchi nzima, na ilirudi tu kiisha karibu majuma matatu. Kitabu chenye kingekuwa na sifuri kwa siku zile zote, kingeonyesha kama Congo yote ilikufa ku Facebook na ikafufuka siku moja. Na wakati enternete inarudi, usiseme ukurasa ulipanda watu elfu 3 "kwa siku moja": ilikuwa elfu 3 kwa majuma matatu. Kwa hiyo kupanda na kushuka hatukuandike mu tabulo. Tunakupiga hesabu siku ya kutazama, kwa kutoa kipimo cha mbele na kile cha nyuma, na kugawanya kwa saa zenye zilipita.

Jambo lingine lenye linadanganya ni hesabu za kukatwa. Telefone haikuonyeshe 84.317, inakuonyesha "84 K". YouTube, tangu mwezi wa kenda 2019, inaonyesha watu wote hesabu ya kukatwa kwa kila ukurasa wenye kupita elfu moja. Kwa hiyo ukurasa unaweza kupata watu mia nane na kitabu kisione kitu, kiisha mutu mumoja anaongezeka na kitabu kinapiga kelele kama waliongezeka elfu nzima. Tuandike kile macho iliona, "84 K" kama ilivyo, na pembeni tuandike kama ilikuwa ya kukatwa ao kamili. Zamani ungeweza kuomba mashini isome yenyewe kwa kurasa za Facebook. Chombo chenye waandishi wa habari walikuwa wanatumia, CrowdTangle, kilifungwa tarehe 14 ya mwezi wa munane 2024. Leo, kwa mutu wa kawaida, macho na biki vinabaki.

Macho ya nani? Ya wanafunzi, tunasema sisi. Wanafunzi makumi wawili, kila mumoja kurasa 15, asubui na mangaribi. Inafanya kurasa 300, vipimo 600 kwa siku, mistari 219.000 kwa mwaka. Mutu anasikia mistari elfu mia mbili, anaogopa, anawaza mashini kubwa ya bei kali. Lakini mustari mumoja wa namna hii hauombe nafasi nyingi. Mwaka muzima utaingia mu megabaiti kumi na kitu. Video moja ya harusi mu telefone yako inakula zaidi. Ordinatere ya zamani yenye iko pembeni ya bilo inatosha, na programu za kufanya kazi hii, kama SQLite ao PostgreSQL, ni za bure. Chenye kitakula feza ni megabaiti za wanafunzi za kufungua Facebook kila siku, na courant. Hiyo ndiyo ya kutafutia musaada.

Kitabu kikikuwa, kinaonyesha nini? Tuwaze mufano tu, si ukurasa wa kweli. Siku ya Kwanza wafuasi 11.200. Siku ya Pili 11.260. Siku ya Tatu 31.300. Siku ya Ine 31.250. Siku ya Tano 31.180. Kiisha siku nane, jina jipya. Hakuna haja ya digri kusoma hii. Ilipanda kama mutu mwenye kupandishwa na kamba, kiisha inavuja kidogo kidogo, sababu mutandao unaondoa akaunti za uongo moja moja. Watu wa kweli hawafike namna hiyo. Wanafika na sababu, wanaacha maneno chini ya picha, wanagombana, wanauliza bei.

Hata hivyo hatutaki kitabu hiki kikuwe hakimu. Siku shimo inaanguka, familia zote zinatafuta habari, na ukurasa muzuri wa kijana mwaminifu mwenye iko pale ku shimo unaweza kupanda elfu makumi mawili usiku mumoja. Ni watu wa kweli, ni wajane wanaotafuta majina. Ukisoma hesabu peke yake, utamuita mwizi. Ndiyo maana ya tabulo ya matukio: pale tunaandika shimo ilianguka tarehe gani, enternete ilikatwa lini, mutandao ulifagia lini, ukurasa ulilipia matangazo lini. Mutu asome vyote viwili. Na mwenye ukurasa akuwe na haki ya kuandika maelezo yake pembeni ya kipimo chake.

Kuko mupaka mumoja wenye hatutakubali mutu auvuke, hata kwa nia nzuri. Hesabu ndiyo, majina ya wafuasi hapana. Tunajua vijana wa enformatike: wakiisha kuona wanaweza kuandika wangapi, wanataka kuandika nani. Muwaze sasa ukurasa wa wafanyakazi wenye kudai mishahara yao. Kitabu chenye kiko na orodha ya wafuasi wake ni kitabu chenye mukubwa wa kazi atakinunua siku hiyo hiyo, na kesho yake watu watakuta karte yao haifungue tena mulango wa kazi. Kama safu ya majina haiko, hakuna mutu anaweza kuiba kile hakiko. Isiwekwe tangu mwanzo, hata kwa kujaribu, hata kwa siku moja.

Wengine wanatuambia: kazi ya kukamata wezi ni ya polisi, ninyi wa gazeti munatafuta nini? Tunajibu kama polisi inafikaka kiisha feza kuenda. Nimero ya telefone inazimwa, paje inabadilisha jina, na mwenye kulia anabaki na picha ya ekran yenye haina hata tarehe. Kitabu chenye tarehe kingesaidia polisi vile vile. Na tena hatuzungumuze tu wezi. Kuko watu wenye kulipwa na kampuni ao na wanasiasa kwa sababu wako na "watu wengi" ku TikTok, na wanasema mbele ya wakubwa kama wanaongea kwa jina la wachimbaji. Wangapi kati ya wale wafuasi walishuka hata siku moja mu shimo, hesabu haiseme. Lakini walipatikana kwa miaka ine ao kwa usiku mine, hiyo inaweza kusema.

Wakati kitabu hakijakuwa, kuko kitu kidogo chenye kila mutu anaweza kufanya leo mangaribi, baba, mama ao mutoto mwenye kujua telefone. Fungua ukurasa wa Facebook wenye kutangaza kazi, tafuta mahali pameandikwa kwa Kifaransa "Transparence de la Page". Pale utaona ukurasa ulifunguliwa tarehe gani, majina yake ya zamani, na mara nyingi inchi yenye wenye kuuongoza wanakaa. Ukikuta ulizaliwa mwezi uliopita, ao ulikuwa wa vichekesho, ao wenyewe wako inchi yenye hata haina shaba, usitume hata franka moja. Nenda ku mulango wa kampuni yenyewe, ao ku bilo ya ONEM, ukaulize kama kazi iko. Kampuni yenye inatafuta shofere haina haja ya feza ya shofere.

Kuhusu nani atakilinda kitabu: tusikipatie kampuni ya migodi, na tusikipatie bilo ya serikali. Si kwa kuwatukana, lakini siku ukurasa wao utakuwa ndani, nani ataamini? Tunataka kikae mahali pawili, nakala mbili, moja ku Kolwezi na moja ku Lubumbashi, kwa mikono ya watu wenye hawana kampuni moja, na kila mwisho wa mwezi nakala hizo zilinganishwe mustari kwa mustari. Sisi wa gazeti tuko tayari kuchapisha hapa, kila Siku ya Posho ya kwanza ya mwezi, kurasa kumi zenye zilipanda ao kushuka zaidi, pamoja na majina yao ya zamani. Walimu wa enformatike wenye wako na wanafunzi wa kusoma hesabu asubui na mangaribi, watuandikie. Tunaweza kuanza na kurasa 50 tu, za matangazo ya kazi, kabla ya zile 300.